Mashine Haina Shingo

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukalainishwa na suruali za watu miaka nenda miaka rudi. Nyuma yake ni mlango wa duka la fundi cherehani. Mbele yake, ng'ambo ya barabara, ni geti la kiwanda cha vidonge. Muuza kahawa hufika alasiri na jiko lake la mkaa na birika analolisugua kwa majivu mpaka mtu anaweza kujitazama humo akanyoa ndevu. Watu wamemwita Birika muda mrefu hata jina lake amelisahau mwenyewe. Wa kudumu wengine ni wawili: Redio, mlinzi mstaafu ambaye akishawashwa hazimwi, na Waya, fundi umeme aliyepigwa shoti mara tatu na bado anaamini umeme unamheshimu. Mwenye duka wanamwita Pindo. Miezi saba iliyopita Pindo alimzika mkewe, na tangu siku hiyo cherehani yake imesogezwa hadi mlangoni, ili akae na wenzake bila kuacha kazi. Husema maneno machache, polepole. Wenzake nao, bila kuambizana, wamekuwa wakigombana kwa sauti kubwa kuliko zamani, ili ukimya wa lile duka usisikike sana.

Alhamisi hiyo ugomvi ulikuwa juu ya jicho la mashine.

— Nasema na narudia, alianza Redio. Ile mashine ni popo.

— Popo wa wapi tena? aliuliza Waya.

— Usiku inaona, mchana haioni. Nitajie mnyama mwingine mwenye tabia hiyo, nikununulie kahawa.

— Bundi, alisema Birika.

— Bundi simlipii.

Pindo alicheka puani, akaendelea kupinda suruali. Habari ya mashine hiyo aliijua kuliko wote, kwa sababu msimamizi wake alikuwa binti yake wa pekee, yule ambaye kijiwe kilimpa jina la Injinia tangu siku aliporudi na cheti. Kiwandani, vidonge vya njano hutiwa kumi kumi kwenye kadi yenye mgongo wa karatasi inayong'aa. Zamani kadi hizo zilikaguliwa na akina mama watano, kwa macho, moja baada ya nyingine, kuona kama kuna tundu lisilo na kidonge. Mke wa Pindo alikuwa mmoja wao kwa miaka kumi na tisa. Sasa wamebaki wanne, na kila mmoja hutoka getini jioni akifuta machozi yasiyo ya kilio. Ndiyo maana Injinia aliipigania hiyo kamera. Ikikubali kufanya kazi, akina mama wanahamia kufunga maboksi, na macho yao yanapumzika.

Lakini kamera ilikuwa haijakubali. Kila asubuhi, katika kadi mia, ilikuwa inazitupa arobaini kwenye kreti nyekundu na kusema zina tundu tupu, wakati kila moja ilikuwa na vidonge vyake kumi kamili. Meneja alikuwa ameshatoa neno: Jumamosi saa sita mchana. Kama haijanyooka, inarudishwa kwenye boksi lake, na Injinia, aliyeajiriwa kwa ajili yake, anarudishwa nyumbani.

— Tatizo ni umeme, alisema Waya. Mchana umeme unagawanwa. Pasi, feni, mashine za kusaga, saluni. Ukifika kiwandani umeshakuwa mwembamba. Usiku watu wamelala, umeme unatembea mzito, mnono. Jicho linashiba.

— Jicho linakula umeme?

— Lako linakula nini?

— Langu linakula mchicha.

— Ndiyo maana unavaa miwani.

— Si umeme, alisema Birika huku akimimina. Ile kamera imetoka nchi za baridi. Jua la kule ni kama taa ya chumbani. Imefika huku, jua limeipiga usoni, imepofuka. Muipe wiki mbili izoee. Mtu hujikuna ajipatapo.

— Hiyo methali inahusu nini hapa? aliuliza Waya.

— Inahusu uvumilivu.

— Nyinyi wote mko gizani, alisema Redio. Mimi nimelinda kiwanda kile miaka kumi na minne. Mle ndani kuna panya. Panya wanakula nyaya. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Sasa panya yuko nguoni mwa nani?

— Subirini, mtaona.

Saa kumi na nusu geti likafunguka, akatoka Injinia, mkono mmoja kiunoni kama mtu aliyebeba gunia kutwa. Alikuwa amevaa koti jeupe la kazi. Wafanyakazi wengine siku hizi huvaa makoti ya buluu iliyoiva. Lake lilikuwa jeupe kwa sababu lilikuwa la mama yake, na ofisi ilimruhusu. Pindo ndiye aliyelishona. Kola aliipiga mshono mara mbili na kuikata chini kidogo upande wa kushoto, maana mkewe alikuwa na desturi ya kuinamisha shingo upande huo anapokagua kadi, na kola za kiwandani zilikuwa zikimkata. Kila asubuhi Pindo husimama mlangoni kwake akalitazama koti hilo likivuka barabara. Hakumwambia mtu yeyote kwamba kwa hatua kama kumi hivi, kabla binti hajageuka kumpungia mkono, huwa anasahau nani amelivaa.

— Shikamooni, alisema Injinia.

— Marahaba. Leo ngapi? aliuliza Redio.

— Arobaini na mbili, mjomba.

— Inapanda kama bei ya sukari.

Injinia akaketi ukingoni mwa benchi, akapokea kikombe, hakunywa.

— Mjomba Waya, nimeshabadilisha kila kitu. Lenzi ya kwanza ilikuwa inapinda picha pembeni, nikaweka nyingine. Nikaona sehemu nyingine imefifia, nikakaza tundu la lenzi ili mbele na nyuma vionekane sawa. Kukaza tundu, picha ikawa nyeusi. Nikaiacha kamera itazame kwa muda mrefu zaidi, basi vidonge vikavutika, kwa sababu mkanda unakimbia. Ikawa kama wino uliopanguswa na kiganja.

— Ungeweka taa kubwa, alisema Waya.

— Nimeweka. Karatasi ikawaka kama bati la paa juani. Nikaweka taa ya buluu, kidonge cha njano kikawa cheusi vizuri kabisa, nikashukuru Mungu. Lakini bado linakuja doa jeupe, linafunika matundu mawili, wakati mwingine matatu. Mashine ikiona jeupe inasema hapa hakuna kitu.

— Si iangalie vizuri? Mwenye macho haambiwi tazama, alisema Redio.

— Kamera haioni kidonge, mjomba. Inaona mwanga uliotoka kwenye taa, ukagonga kidonge, ukarudi. Mwanga ukirudi vibaya, hata lenzi yenye bei ya nyumba haisaidii.

Redio akatafakari kwa kiasi anachoweza.

— Basi nimeshajua, alisema. Ina aibu.

— Nani?

— Mashine. Msicheke. Mkwe wangu akija kwangu hali. Kijiko kinatetemeka, tonge linaanguka. Mkimwacha peke yake na sufuria, mkirudi sufuria limekuwa safi hata halihitaji kuoshwa. Usiku mashine ina mtu mmoja tu. Asubuhi anakuja Injinia, anakuja meneja na shati lake lile, wanakuja watu wanane wamejipanga. Wewe ungeona?

— Penye wengi hapaharibiki neno, alisema Birika.

— Mashine siyo neno.

Hapo ndipo mgeni mmoja aliposogea. Alikuwa dereva wa lori lililoegeshwa kando ya ukuta wa kiwanda tangu jana, likisubiri maboksi ambayo hayakuwa yakijaa. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi na kofia usoni, wakadhani amelala.

— Samahani wenyeji, alisema. Mimi sijui mambo ya kamera. Ikikosea, huwa mnafanyaje?

— Tunaikimbilia, alijibu Injinia. Kioo cha kuonyesha picha kiko palepale, lazima usimame karibu.

— Mkifika inaacha?

— Inazidi.

— Na msipoikimbilia?

Kwa wiki tatu watu walikuwa wameikimbilia ile mashine ilipokosea, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa alipokuwa. Kujua ingefanya nini bila wao kulihitaji mtu asiwepo, na asiyekuwepo angeonaje?

Pindo hakuwa akiwatazama. Macho yake yalikuwa kwenye birika, pale juu ya jiko, na jua la alasiri likiwa upande wao. Ndani ya tumbo la birika alikuwa akiwaona wote wamejikunja kama vidole: Redio mnene, Waya mwembamba, kofia ya dereva. Kisha Injinia alipoinuka na kusogea karibu na jiko kurudisha kikombe, wote wakafutika. Pale walipokuwa palibaki doa moja jeupe, kubwa, lenye kuumiza macho.

— Mama, alisema Pindo. Ndivyo anavyomwita binti yake anapokuwa mpole sana. Rudi nyuma hatua mbili.

— Kwa nini, baba?

— Rudi tu.

Akarudi. Ndani ya birika, Redio na Waya wakajitokeza tena.

— Sasa njoo.

Akaja. Wakafutika.

Pindo alikuwa ameshaelewa, na kwa kitambo kidogo alitamani angekuwa mjinga. Angenyamaza, nani angejua? Koti lingeendelea kuvuka barabara kesho, na keshokutwa. Lakini Jumamosi lingevuka kwa mara ya mwisho, likiwa limebebwa mkononi. Akachomeka sindano kwenye mfuko wa shati.

— Karatasi yako inang'aa kama hili birika, alisema. Na jua la asubuhi linaingia dirishani linakupiga wewe. Mashine inakuona wewe, mwanangu. Inaliona koti.

Injinia akashika ukosi wa koti kwa vidole viwili.

— La mama?

— Ndilo jeupe peke yake mle ndani. Hilo na shati la meneja.

— Na zamu ya usiku, alisema Waya taratibu, yule dada anavaa la buluu. Na hakuna jua.

Redio hakuweza kujizuia.

— Nilisema mimi. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Ulisema panya, Birika alimkumbusha.

— Panya ulikuwa mfano.

Ijumaa asubuhi Pindo alisimama mlangoni kama kawaida yake. Binti yake alivuka na koti la buluu la kuazima, na koti jeupe likiwa limekunjwa ndani ya mfuko. Siku hiyo hakusahau, hata kwa hatua moja. Akaingia ndani, akawasha cherehani, akashona mstari mrefu kwenye kitambaa ambacho hakikuhitaji kushonwa.

Alasiri kijiwe kilijaa mapema. Dereva wa lori alikuwa ameshahamia katikati ya benchi, ishara kwamba amekubaliwa.

— Lete habari, alisema Redio kabla Injinia hajafika barabarani.

— Kumi na moja.

— Kutoka arobaini na mbili. Hii sasa ni dawa.

— Meneja anataka isizidi moja, mjomba. Hakuna doa kubwa tena, lakini kuna vidoa. Mtu akipita, karatasi inamwona. Dirisha inaliona. Bati la darini inaliona. Kadi zinatoka kwenye moto wa kuzifunga zimejipinda kidogo, kila moja kwa namna yake, kwa hiyo kila moja inatazama upande wake. Siwezi kuziba kiwanda kizima.

— Yule mama yako alikuwa anafanyaje? aliuliza dereva. Nimeambiwa alikagua kwa macho.

Injinia akageuza uso kidogo.

— Nilikuwa namletea chakula nikiwa shule. Nilikuwa namwona. Akikuta mng'ao, hakuhangaika na taa. Aliinamisha shingo hivi, kushoto, mng'ao ukahama, akaona, akaweka kadi chini. Haichukui hata muda wa kupepesa. Akainama, akaweka. Akainama, akaweka. Mashine haina shingo.

— Basi iwekewe shingo, alisema Waya. Nina mota ya feni…

— Wewe na mota yako kaeni hivyohivyo, alisema Birika.

— Hapana, alisema Injinia. Ukishindwa kuigeuza ione pengine, unafanya kila pembe itakayoiona iwe sawa. Unaifunika kwa kitu cheupe pande zote, kama bakuli lililogeuzwa, lenzi inachungulia tunduni juu. Taa zinakaa nje, mwanga unapita kwenye ule weupe, unaingia umepoa. Karatasi ikitazama kushoto inaona weupe, ikitazama kulia inaona weupe. Haina doa la kuonyesha. Kinachobaki ni kidonge tu.

— Kama siku ya mawingu, alisema Pindo.

— Hivyohivyo, baba. Mabakuli hayo huuzwa yakiwa tayari, lakini kuyaagiza ni wiki tatu.

— Na kesho ni kesho, alisema Redio, na kwa mara ya kwanza methali haikumjia.

Pindo aliinuka, akaingia dukani, akatoka na vitambaa vitatu vyeupe begani. Injinia akavipima kwa kuviinua mbele ya jua. Cha kwanza kilikuwa na mng'ao wake mwenyewe. Cha pili kilikuwa na umanjano kwa ndani, nao ungechanganya rangi ya vidonge. Cha tatu kilikuwa kizuri, lakini alipokikung'uta, nyuzi ndogondogo zikaelea hewani.

— Uzi mmoja ukitua juu ya kadi, mashine itasema ufa, alisema akavirudisha.

Mfuko ulikuwa chini ya benchi, kati ya miguu yao.

— Baba, alisema Injinia, kuna kitambaa kimoja nimeshakijaribu. Saa ya chakula, watu walipotoka. Nililitandaza koti tu juu ya fremu ya kamera, kama mtu anavyofunika sufuria. Sikulikata.

— Ikawa ngapi?

— Mbili.

Kitambaa kile Pindo alikifahamu kuliko kiganja chake. Kilikuwa cha kiwandani, kimesukwa kwa kubana, hakiachi nyuzi, na miaka ya kufuliwa ilikuwa imekitoa gundi na mng'ao wote. Mkewe alikuwa akikianika kivulini, kamwe si juani, akidai jua hula nguo kwa siri.

— Fundi, alisema Redio, na sauti yake ilikuwa ndogo hata Waya akageuka kuhakikisha ni yeye. Nguo ikifungiwa sandukuni, anayeivaa ni nondo.

— Najua.

— Sisemi kwamba…

— Najua, ndugu yangu. Nipe kahawa, Birika.

Akanywa kikombe chote, polepole, kama mtu anayekunywa dawa. Kisha akaosha mikono kwa maji ya chupa, akakausha, akalitandika koti mapajani. Akafumba macho. Wenzake wakajua anaomba, wakavua kofia. Dereva alikuwa wa kwanza. Maombi yenyewe yalikuwa mafupi. Alimwambia Mungu kwamba kitu hiki kilikuwa cha mja wake, na kwamba yeye fundi hakuwa akikiharibu. Akachukua wembe.

Hakukata. Alifumua. Mshono baada ya mshono, kwa mikono ileile iliyoupiga, akivuta uzi na kuuzungusha kwenye kidole kana kwamba utahitajika tena. Mgongo wa koti ukatoka mzima, mpana. Mikono ikatoka, na kiwiko cha kushoto kilikuwa kimelika, akakiweka kando. Waya alikwenda akarudi na waya mgumu, akaupinda kuwa mbavu kama za mwavuli, safari hii bila kutaja umeme. Injinia alisimama na rula, akisema hapa tundu la lenzi, vidole vitatu. Hapa mkanda unaingia, hapa unatoka. Birika aliweka kahawa mpya bila kuombwa. Kabla jua halijazama, juu ya benchi kulikuwa na kihema cheupe cha ukubwa wa kapu la nguo, na mapajani mwa Pindo palibaki kola, peke yake, na mshono wake wa mara mbili.

— Wanasema macho hayana pazia, alisema Birika akikitazama kile kihema.

— Hili sasa linalo, alijibu Waya.

Jumamosi kijiwe kilianza asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Birika aliwasha jiko saa tatu na kudai ni kwa sababu ya baridi, ingawa hapakuwa na baridi. Kila mtu alikaa akiutazama ukuta wa kiwanda kama wanaosubiri ufunguke.

— Ikishindwa, alisema Redio, mimi naingia na kuongea na meneja. Tunajuana. Nilimfungulia geti miaka kumi na minne.

— Anakumbuka jina lako?

— Anakumbuka geti.

Saa nne. Saa tano. Saa tano na nusu geti likafunguka kidogo, akatoka mlinzi kijana aliyerithi kiti cha Redio, akamwita dereva kwa mkono.

— Sogeza lori, alisema. Maboksi yanakuja.

Hakuna aliyeshangilia. Dereva aliinuka polepole, akaweka kikombe, akaenda. Lori likanguruma, likarudi nyuma hadi getini. Boksi la kwanza likapanda, la pili, la kumi. Wawili kati ya akina mama wakaguzi walikuwa mlangoni wakihesabu, na macho yao yalikuwa makavu. Pindo alihesabu pamoja nao moyoni hadi thelathini, kisha akapoteza hesabu, kwa sababu binti yake alikuwa akivuka barabara.

Alimpa baba yake kadi moja. Pindo akaigeuza. Vidonge tisa. Tundu la saba lilikuwa tupu.

— Kadi mia tano, alisema Injinia. Imetupa hii moja. Na hii ni kweli, baba. Hii ni mbaya kweli.

— Meneja?

— Amesema akina mama waanze maboksi Jumatatu. Na nije na koti langu, nisiazime la watu.

Pindo akaishika ile kadi muda mrefu. Kadi hii ingemfikia mtu mahali, mtu anayehesabu siku zake kwa vidonge, na siku ya saba angekuta tundu. Jicho limeiona.

— Nitakushonea, alisema. La buluu.

— Na kola ya mama.

— Na kola ya mama.

Redio alipenga kamasi kwa kelele, akalaumu moshi wa mkaa. Waya akaanza kueleza kwamba siri yote ilikuwa kwenye zile mbavu za waya, kwamba bila mbavu kitambaa ni kitambaa tu. Birika akamwambia hata samaki ana mbavu na hajawahi kukagua kidonge. Wakarudi kwenye ugomvi wao, na ulikuwa ugomvi mtamu, wa watu walioshinda.

Lori likajaa. Dereva akarudi kuaga, akamshika kila mmoja mkono, akamfikia Pindo wa mwisho. Akasimama, kama mtu aliyesahau kitu.

— Mzee wangu, nisamehe. Mimi ni mtu wa maswali. Yule mama, ile kuinamisha shingo, nani alimfundisha?

Injinia akamtazama baba yake, naye baba yake akamtazama yeye, wakaona kwamba hakuna kati yao aliyejua. Miaka thelathini na mmoja Pindo alilala na kuamka na yule mwanamke. Alijua anaanika nguo wapi, anatia chumvi lini, anaumwa upande gani. Alimkatia kola kwa ajili ya ile shingo. Hakuwahi kumuuliza aliitoa wapi.

Birika akainua birika kumjazia Pindo kikombe, apate kitu cha kushika. Likatoa matone mawili, basi. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Pindo akaliangalia lile birika tupu, na jua la saa sita likaruka toka tumboni mwake likampiga machoni. Akainamisha shingo kidogo, kushoto. Mng'ao ukahama.

— Nitamuuliza tukionana, alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia kesho.